Rangi za faili la .env: kiendelezi au mpangilio wa ndani?

Juzi hapa Langoni, Lamu, mimi na mwenzangu tulihangaika mchana kutwa: programu haifikii hifadhidata. Kumbe ndani ya .env, faili la mipangilio ya programu, mstari wa DB_HOST (anwani ya hifadhidata) umetanguliwa na #, alama inayouzima mstari, na faili zima lilikuwa rangi moja, macho yakaupita.

Kama toleo lako la Visual Studio Code (kihariri cha msimbo) halipaki .env rangi lenyewe, kuna njia mbili. Kiendelezi cha .env, yaani nyongeza ya kihariri, hakihitaji kuelekezwa, lakini kila mmoja lazima akipakue kwake. Njia ya files.associations, mpangilio wa ndani unaosema faili lipakwe rangi za aina gani, haipakui kitu: andika ".env*": "properties" katika .vscode/settings.json, uliweke faili hilo la mipangilio kwenye Git (mfumo wa kushirikiana msimbo), na kila anayechukua mradi anaipata. Rangi zake ni chache, ila mstari uliozimwa kwa # unajitenga papo hapo. Nusu ya timu yetu iko Malindi, kwa hiyo nami nimechagua hii ya files.associations.