Tulipita Durham Bila Kushuka: Uzoefu Wangu na Tiketi za Treni Uingereza

Kwa miaka yote niliyoishi Uingereza sijawahi kuandika lalamiko kuhusu kitu chochote nilichonunua. Safari hii nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu aliyeaibishwa si mimi peke yangu bali ni mama yangu, mjane aliyevuka miaka 70, ambaye alitoka Tanga kuja kunitembelea akiwa na ombi moja tu, nalo ni kuona makumbusho ya reli yaliyoko York.

Marehemu baba alifanya kazi reli tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akihudumia injini za mvuke, na mama aliposikia kwamba kuna mahali injini za namna ile zimetunzwa na kung'arishwa kama vyombo vya harusi, alisema magoti yakubali yasikubali, atafika. Nikapanga safari ya siku moja ya kupanda taratibu kuelekea kaskazini: tutoke London asubuhi, tushuke York saa chache, tushuke tena Durham aone lile kanisa kuu la kale lililo juu ya kilima, kisha jioni tuingie Edinburgh, ambako tulikuwa na mahali pa kulala. Miji yote hiyo iko kwenye njia moja ya reli, wala hatukuhitaji kuchepuka popote.

Nilinunua tiketi kwa simu wiki kadhaa kabla. Programu ilinionyesha treni ya asubuhi, ikaniorodheshea vituo ambavyo ingesimama, York na Durham vikiwemo, ikanitajia nauli ya kuridhisha, nami nikalipa. Tiketi hizo huandikwa Advance, yaani za kununuliwa mapema. Sharti lake, ambalo nimelisoma vizuri baada ya kuumia, ni kwamba zinafaa kwa treni ile ile iliyotajwa na kwa saa ile ile, na abiria haruhusiwi kukatisha safari njiani kisha kuendelea na treni nyingine. Sitasema kwamba sharti hilo lilifichwa kabisa. Lilikuwepo, ndani ya ukurasa unaofunguka ukibonyeza maneno madogo yaliyo chini ya bei, na kosa la kutoyabonyeza ni langu. Lakini mtu anayeonyeshwa orodha ya vituo treni inakosimama, ana haki ya kuambiwa waziwazi kabla hajatoa fedha zake kwamba akishuka katika kimojawapo, tiketi yake imekufa.

York ilikuwa furaha tupu. Makumbusho yako nyuma tu ya stesheni na hayana kiingilio. Mama alisimama muda mrefu mbele ya Mallard, injini ya mvuke iliyofikia mwendo wa kilomita 203 kwa saa mwaka 1938, rekodi ambayo hakuna injini nyingine ya mvuke iliyoivunja. Akaniuliza moto wake unachochewa upande gani, akanisimulia jinsi baba alivyokuwa akirudi nyumbani mikono imepauka kwa joto na mafuta. Mambo hayo sikuwahi kuyasikia. Ningelipa hata kiingilio kikubwa kwa ajili ya saa zile mbili.

Tukarudi stesheni, tukapanda treni inayofuata ya kampuni ile ile. Nafasi zilikuwa tele. Mkaguzi wa tiketi alipofika nikamwonyesha simu, naye akatikisa kichwa kabla sijamaliza kueleza. Alisema tiketi zetu hazina thamani tena na kwamba tuko ndani ya treni bila tiketi. Nilimweleza kwa adabu kwamba tumelipia safari nzima mpaka Edinburgh, kwamba tumetumia nusu yake, na kwamba niko tayari kulipa tofauti ya haki kama ipo. Akajibu, kwa sauti iliyosikika behewa zima, kwamba watu wanaopenda kushuka kila mahali wapande basi. Mama hajui Kiingereza kingi, lakini sauti ya kudharauliwa haihitaji tafsiri. Akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, tumeiba nini?"

Nililipa. Tiketi mbili mpya za nauli kamili kutoka York mpaka Edinburgh zilizidi fedha nilizotoa kwa safari nzima kutoka London. Zilipokwisha kutolewa nikamwuliza mkaguzi yule swali moja: je, kwa tiketi hizi tunaweza kushuka Durham? Alinitazama kama mtu aliyechoka na mtoto mkaidi, akasema, "Bado hujajifunza?" Akaenda zake. Nami nikaelewa kama mtu yeyote angeelewa, kwamba jibu ni hapana.

Treni inapokaribia Durham hupita juu ya daraja refu, na kanisa lile huonekana lote upande wa pili, minara yake mitatu juu ya miti. Mama alikwisha kuvaa koti na kuchukua mkoba wake. Nikamwambia hatushuki. Hakuniuliza sababu, akavua koti, akalikunja mapajani, akaendelea kutazama mpaka treni ikaondoka.

Nataka kuwa mwadilifu, kwa hiyo nitaeleza jinsi jambo hili linavyoweza kufanyika, maana najua wengi wetu huwapokea wazazi na kutaka kuwatembeza. Unaweza kununua tiketi za Advance kipande kwa kipande: London hadi York, York hadi Durham, Durham hadi Edinburgh. Jumla yake wakati mwingine huwa haipandi sana. Tatizo ni kwamba kila kipande kina treni yake na saa yake, na matembezi ya starehe hugeuka kuwa mbio za kuwahi. Mzee akitaka kukaa dakika 20 zaidi mbele ya injini inayomkumbusha mumewe, umepoteza kipande kinachofuata. Kubadilisha kabla ya treni kuondoka inawezekana, ila kwa kawaida utalipa tofauti ya nauli, na huenda pia ada ya kubadilisha. Katika njia nyingi zipo pia tiketi ziitwazo Off-Peak, za saa zisizo na msongamano, ambazo kwa kawaida humruhusu abiria kukatisha safari njiani, lakini mara nyingi bei yake iko juu sana ukilinganisha na zile za mapema, na programu huzipanga chini ya orodha, ambako mtu mwenye haraka hafiki. Kwa mgeni asiyeishi Uingereza kuna pasi ya BritRail, ya kupandia treni nyingi kwa malipo ya mara moja, ambayo ningemtafutia mama kama ningejua habari zake mapema.

Kinachonikera zaidi katika masharti haya ni mizani yake. Treni ikichelewa, kampuni nyingi huanza kulipa fidia baada ya dakika 15 au 30, na chini ya hapo abiria hutakiwa kuvumilia. Abiria akichelewa dakika moja kwa treni iliyoandikwa kwenye tiketi yake, amepoteza kila kitu. Hata kwetu, abiria wa basi la Tanga kwenda Arusha akishuka Korogwe atalipa upya kwa basi litakalofuata, nami silalamikii hilo. Lakini kondakta wa kwetu humwambia abiria bei ya kutoka Korogwe, hamtozi kupita nauli ya safari nzima kisha akamsema mbele ya watu.

Nilipoanza kuandika haya nilikusudia kutoa nyota tatu. Treni ya asubuhi ilikuwa safi, ilifika York kwa wakati, na mhudumu wa vinywaji alimletea mama chai ya pili bila kuombwa. Sharti ni sharti, na nilijiambia kwamba nimelipia uzembe wangu wa kutosoma.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda dirishani pale stesheni ya Edinburgh kuuliza kama naweza kurudishiwa chochote. Mwanamke aliyekuwa zamu alizipokea tiketi zile mbili mpya, akazisoma, akaniuliza kwa upole kwa nini sikushuka Durham. Akanieleza kwamba tiketi ya nauli kamili haifungwi na treni moja. Ilituruhusu kushuka Durham, kukaa hapo tutakavyo na kupanda treni nyingine jioni ile ile bila kuongeza hata senti. Tulikuwa nayo mkononi wakati mama anavua koti. Mwanamke yule aliomba radhi mara mbili kwa kosa lisilokuwa lake, na kama ningekuwa naandika kuhusu yeye peke yake ningempa nyota zote tano.

Basi, zile nyota tatu nimezifuta. Kule kutozwa ninaweza kusamehe. Lakini mtu aliyeajiriwa kuzijua tiketi, aliyetoka kuniuzia tiketi ghali kuliko zote, akaulizwa swali jepesi na kulijibu kwa kejeli badala ya kulijibu kwa ukweli, huyo amemnyang'anya mama yangu kitu ambacho tulikuwa tumekilipia mara mbili. Natoa nyota moja, na ninaitoa kwa sababu ya chai.

Niliandikia kampuni barua. Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi, likasema wanasikitika kwamba huduma haikufikia matarajio yangu, likaambatanishwa na vocha ya safari ya baadaye kwenye njia ile ile. Mama alikwisha kurudi Tanga.