Kasha la dharura la dawa: maoni ya mtunza stoo

Wakimbizi wakiingia kwa wingi huku Kigoma, msaada wa dawa ninaoupokea kwa moyo mweupe ni Interagency Emergency Health Kit, kasha la WHO (Shirika la Afya Duniani) na mashirika wenzake. Limepangwa kutosha watu 10,000 kwa miezi mitatu.

Fungua katoni ya msingi: paracetamol, amoxicillin ya watoto inayoyeyuka kwenye maji, zinki, paketi za ORS (chumvi za kuchanganya na maji kwa anayeharisha), tetracycline ya kupaka machoni. Sindano hamna, maana imekusudiwa hata mhudumu mwenye mafunzo mafupi aweze kuitumia. Jina la dawa limeandikwa lenyewe, si la kibiashara, kwa hiyo kuiingiza kwenye leja ni kazi ya dakika chache. Dawa za malaria zimefungwa peke yake, asiyezihitaji hazimfikii.

Tumewahi kuletewa pia maboksi ya mchanganyiko kutoka kwa wafadhili wenye nia njema kabisa. Shiti za vidonge zilizokatwa nusu, tarehe ya kuisha muda imebaki upande uliotupwa. Dawa za presha zenye maandishi ambayo zahanati nzima hakuna aliyeweza kuyasoma. Tulizichambua usiku kwa tochi, na nyingi ziliishia kuteketezwa, kazi inayotaka kibali, mkaguzi, gari na tanuri la moto mkali. Fedha hiyo ingenunua dawa! Huko Bosnia, nchi ya Ulaya iliyokumbwa na vita, kati ya 1992 na 1996 zilikadiriwa kurundikana tani 17,000 za dawa zisizofaa. Ndiyo maana miongozo ya WHO ya 1996 inataka dawa itokane na mahitaji ya mpokeaji, iwe imeruhusiwa nchini kwake, na ikifika ibakize angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda.

Kasha lina upungufu. Morphine iliyomo, dawa kali ya maumivu, inahitaji kibali cha kuingizwa nchini, na kibali kikichelewa, mzigo unakwama. Pia ni la miezi ya mwanzo tu. Ukiendelea kuagiza kasha zima baada ya hapo, vingine vinalundikana huku ORS zimekwisha. Wagonjwa wa kisukari nao wanahitaji mpango wao tangu siku ya kwanza.

Kwa dharura kasha hili nalipatia nyota nne kati ya tano. Baada ya miezi hiyo mitatu, tuulizeni stoo kwanza. Masika hii tungejibu: ORS, zinki na dawa mseto ya malaria ya watoto.