Novus 2 kwenye ubao wa pinboli ya 1977: inang'arisha, ila si kila mahali

Nimeitumia Novus 2 kwenye Eight Ball ya Bally, pinboli ya Chicago ya mwaka 1977 (mashine ya mchezo ambamo gololi ya chuma hubiringika juu ya ubao uliochorwa), na naipa nyota nne kati ya tano. Tuelewane mapema: hii ni polishi ya plastiki yenye chembe laini za kusugua, si sabuni. Ukiipaka juu ya uchafu wa miaka, unausaga na kuusambaza tu.

Chomoa plagi ukutani. Toa gololi kabla ya kuinua ubao, maana ikibiringika itavunja kitu. Piga picha kila pembe, kisha ndipo ufungue vifuniko vya plastiki na kuvua pete za raba.

Uchafu wenyewe natoa kwa nafta (kiyeyushi cha petroli) na kitambaa cha pamba. Nafta huyeyusha nta ya zamani pamoja na ule weusi wa raba na vumbi la chuma, na haidhuru laka, lile tabaka la kinga juu ya rangi. Fungua madirisha, moto usiwe karibu, na badilisha kitambaa mpaka kitoke kisafi. Maji usiyaguse kabisa. Ubao ni plaiwudi. Yakipenya kwenye nyufa za laka, mbao huvimba na rangi hubanduka.

Hapo sasa Novus 2. Tikisa chupa, weka tone la ukubwa wa sarafu, sugua kwa mizunguko eneo lisilozidi kiganja, halafu futa kwa kitambaa kingine kikavu. Kazi yake utaiona vizuri kwenye zile duara za plastiki zenye namba za mipira ya puli: ukungu unaondoka, na taa ya chini inapita safi. Lakini kagua kitambaa kila mara. Namba hizo zimechapwa juu ya plastiki, kwa hiyo ukiona hata doa dogo la rangi kwenye kitambaa, laka imeshaisha pale. Acha papo hapo.

Nyota moja inapungua kwa sababu ya nyufa. Laka ya zamani hupasuka kama tope lililokauka, na polishi ikiingia humo huacha mistari myeupe. Mswaki laini uliochovywa nafta huitoa, ingawa si yote. Ndiyo maana mbele ya flipa (vile vijiti viwili vya kupigia gololi) na kwenye njia za juu, ambako gololi hupiga zaidi, siipaki kabisa kama laka imepasuka. Wengine hukimbilia sifongo la melamini (lile jeupe la kusugulia madoa) na alkoholi ya isopropili. Kweli linatoa weusi wa kwenye nyufa, ila linautoa kwa kula laka; ukikandamiza, rangi inafuata. Mimi naliacha kuwa njia ya mwisho kabisa.

Polishi haiachi kinga ya kudumu, hivyo malizia kwa nta ya kanauba (nta ngumu ya mmea), matabaka mawili membamba. Chagua isiyo na silikoni, la sivyo siku utakayotaka kupaka laka mpya itajikunja na kuacha vishimo.

Funga raba mpya na uweke gololi mpya ya milimita 27. Gololi ya zamani yenye vishimo vya kutu itaukwangua ubao upya kila inapopita, na hakuna polishi itakayoshindana nayo.

Chupa ya mililita 237 inatosha mbao kadhaa. Kwa mashine za Williams za miaka ya 1990 zenye tabaka gumu la juu, paka ubao mzima bila wasiwasi.