Wakili wa Moshi aliyemtetea mdogo wangu kesi ya gobole, nampa nyota nne

Naandika hii kwa ajili ya familia yoyote ya huku Moshi au Arusha ambayo ndugu yao kakamatwa na kesi ya silaha na hawajui waanzie wapi, maana sisi tulikua hivyohivyo. Jina la wakili siliweki, ameniomba mwenyewe, anasema kanuni zao zinawabana kwenye mambo ya kujitangaza. Ofisi yake iko mjini, ghorofani, sio mbali na stendi kuu.

Ilivyokua ni hivi. Babu yetu alifariki akaacha nyumba kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, Kibosho, mdogo wangu akahamia pale kuitunza na vyumba viwili tukapangisha. Usiku mmoja askari wakaja kupekua, wakakuta gobole, bunduki ya kienyeji, darini nyuma ya magunia ya kahawa, gobole la babu la kufukuzia nyani miaka hiyo, sisi wengine tulijua lilishapotea kabla hatujamaliza shule. Mdogo wangu akabebwa usiku uleule.

Mimi kwa ujinga wa kutokujua nikadhani ni faini. Jamani sio faini! Kukutwa na silaha bila leseni kunashtakiwa kwa ile Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na inasomwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi, kwa hiyo hata gobole bovu la babu linaingia kundi moja na bunduki za majambazi, na adhabu tangu marekebisho ya 2016 ni kuanzia miaka 20 mpaka 30. Nilivyosikia hiyo ishirini nilikaa chini kwenye ngazi za mahakama nikashindwa kuinuka.

Siku ya kwanza mahakamani mtu wa kwanza kutufata alikua kijana kavaa suti, anajiita wakili, anataka laki nane "ya kuongea na wahusika" kesi iishe wiki hiyohiyo. Mama alishaanza kufungua kitenge atoe hela. Shemeji yangu ndo akasema ngoja tumtafute kwanza kwenye e-Wakili, ule mfumo wa Mahakama wa kuhakiki mawakili, jina halipo. Kishoka, wakili feki. Nawaomba sana mfanye hivyo kabla ya kutoa hata shilingi mia, ni bure na ni dakika mbili tu.

Huyu wetu tulielekezwa na jirani. Kitu cha kwanza nilichompendea, alimsikiliza mama mpaka mwisho bila kumkatisha afu akamwambia, "Mama, siwezi kukuahidi kwamba kijana atatoka, nakuahidi nitasoma kila karatasi." Bei milioni nne na nusu, tulilipa kwa awamu tano na kila awamu risiti. Ni hela nyingi, tuliuza ng'ombe wawili, lakini hatukuombwa hela ya pembeni hata siku moja.

Miezi ya mwanzo ni mateso na hapo wakili yeyote hana muujiza. Kesi inatajwa, inaahirishwa, upelelezi haujakamilika, mshtakiwa haruhusiwi kujibu chochote kwa sababu kesi ya uhujumu mahakama ya chini haiwezi kuisikiliza mpaka DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, atoe kibali na hati ya kuipa mamlaka. Alituelezea hilo mapema kwa Kiswahili cha kawaida kwa hiyo kila tarehe tulienda tunajua kitakachotokea, na mama aliacha kulia njiani kurudi.

Kazi yenyewe niliiona kesi ilipoanza kusikilizwa. Gobole la kienyeji halina namba kama bunduki ya kiwandani, kwa hiyo utajuaje hili ndo lilelile lililotoka darini? Ni alama waliyoweka siku ya kulikamata na maandishi ya nani alimkabidhi nani. Wakili akaomba shahidi asome tena hati ya ukamataji mali kwa sauti, imeandikwa kitako cha mbao kimefungwa mpira mweusi. Kweli kabisa, babu alikifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nakumbuka hata mafundo yake. Afu akaomba kielelezo kisogezwe karibu. Kile kitako kimefungwa waya! Hakuna mpira, hakuna lebo ya siku ile, na lilikaa siku kumi na moja kabla ya kufika kwa mtaalamu wa silaha bila karatasi inayoonyesha lilikua mikononi mwa nani. Wakili hakupiga kelele wala kumdhalilisha askari, aliuliza tu, "Shahidi, mpira uko wapi?" akanyamaza akisubiri jibu. Ukumbi mzima kimya.

Akaja na mengine, kwamba mwenyekiti wa kitongoji aliyeitwa kushuhudia upekuzi hakusaini popote, kwamba maelezo ya onyo, yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi, yalichukuliwa kesho yake mchana wakati sheria inataka ndani ya saa nne tangu kukamatwa, na kwamba kukaa kwenye nyumba yenye wapangaji sio sawa na kujua kilichoko darini. Alikuja na hukumu za Mahakama ya Rufani, ile ya Paulo Maduka kuhusu mnyororo wa utunzaji wa vielelezo aliitaja mara tatu. Nilienda kuisoma mwenyewe TanzLII, ile tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, iko bure.

Baada ya miezi kumi na nne mdogo wangu akaachiwa huru. Tukiwa bado tunakumbatiana nje wakili akatuita pembeni akasema tusichinje mbuzi kwanza, Jamhuri ina siku 30 za kutoa notisi ya kukata rufaa. Tulisubiri, haikuja.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya simu. Akiwa na kesi mkoa mwingine hapatikani siku mbili tatu, karani wake anajibu "atakupigia" na hapigi, na mara moja tarehe ilisogezwa tukafika mahakamani na mama mwenye presha bila kujua. Kwa familia ambayo mtu wao yuko ndani hilo linauma, nilimwambia uso kwa uso akaomba radhi.

Na alichotushauri mwisho nakiweka hapa: kama mzee wenu kafariki kaacha silaha, yenye leseni au isiyo na leseni, msiifiche, nendeni kwa wakili kwanza afu msindikizane naye polisi kuikabidhi. Vipindi vya kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa hua vinatangazwa, kama ule wa Septemba na Oktoba 2022, sisi ulipita gobole likiwa juu ya vichwa vyetu.

Ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi, nendeni mapema maana saa tatu anakua ameshaenda mahakamani. Ngazi ni kali, ukienda na mzee mwambie karani, wakili anashuka mwenyewe chini kumsikiliza.