Tahadhari kwa wasanifu na wachoraji wa Mombasa: kadi za grafiksi bandia zinazouzwa kwa jina la GTX 1050 Ti

Ndugu zangu wasanifu majengo, wachoraji ramani na wanafunzi wa ujenzi, yuko muuzaji anayezunguka mjini Mombasa akiuza kadi za grafiksi, yaani vifaa vya kompyuta vinavyochora picha za skrini, kwa jina la Nvidia GTX 1050 Ti zenye kumbukumbu ya GB 4, na kadi hizo sizo. Nimeletewa kadhaa na wenzangu wa kazi, nikazifungua na kuzipima, na nilichokikuta ndani ni GTS 450, kadi iliyotoka mwaka 2010, ambayo BIOS yake, yaani programu ndogo iliyo ndani ya kadi inayoitambulisha kwa kompyuta, imeandikwa upya ili Windows iisome kwa jina la kadi iliyotoka mwaka 2016. Jina la muuzaji siliandiki hapa, kwa kuwa huenda shauri hili likafika mahakamani, lakini mbinu zake nitazieleza kwa ukamilifu ili atakayekutana naye, au na mwengine wa aina yake, amtambue kabla ya kutoa fedha.

Hana duka. Tangazo lake hupitishwa katika vikundi vya WhatsApp vya wachoraji likiwa na picha ya boksi jipya, na bei yake huwa chini kidogo ya ile ya madukani, wala haishuki kiasi cha kumshtua mnunuzi. Hupendelea kukutana na mteja karibu na Pembe za Ndovu, Moi Avenue, nyakati za jioni maduka yanapokaribia kufungwa, au kumfuata ofisini kwake na kuifunga kadi kwa mkono wake mwenyewe. Akishaifunga humwonyesha mteja jina la kadi katika orodha ya vifaa ya Windows, kisha hufungua ramani moja ya AutoCAD, programu ya kuchora ramani, na kuivuta huku na huku, nayo huenda vizuri kabisa. Fedha huzitaka kwa M-Pesa kupitia nambari ya mtu binafsi, na risiti, ikiwa itatoka, huandikwa «kadi ya kompyuta, moja» bila kutaja ni kadi gani. Kabla ya kuondoka hutoa agizo moja ambalo peke yake lingetosha kumfichua: mteja asisasishe kamwe draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Sababu ni kwamba draiva anayoiweka yeye imechezewa, na ile rasmi ya Nvidia inapowekwa juu ya kadi kama hii, kompyuta aghalabu hugoma au skrini hubaki nyeusi.

Jaribio lile la AutoCAD halithibitishi lolote, kwa sababu ramani ya pande mbili ni kazi nyepesi ambayo hata kadi ya mwaka 2010 huimudu. Madhara huonekana mteja anapofungua Lumion, Twinmotion au Enscape ili kurenda jengo, yaani kulitolea picha inayofanana na jengo halisi, kwa ajili ya mwenye kiwanja. GTS 450 ina viini 192 vya kukokotoa ilhali GTX 1050 Ti ina 768, na zile nilizozipima zilikuwa na GB 1 tu ya kumbukumbu ya kweli, ingawa Windows ilionyesha GB 4. Maandishi ya BIOS hayaongezi kumbukumbu. Mara tu nyumba, miti na maumbile ya kuta yanapozidi ile GB moja, picha hujaa mabaka ya rangi, programu hujifunga, au kompyuta nzima huzima na kuwaka upya. Zaidi ya hayo, Nvidia iliacha kuitolea familia hii ya kadi draiva za kawaida tangu mwaka 2018, na matoleo mapya ya programu hizi yanadai uwezo ambao kadi hiyo haikuwahi kuwa nao. Mchoraji aliyeahidi picha Ijumaa hubaki na mteja aliyekasirika, na muuzaji akipigiwa simu hujibu kwamba pawa saplai ya ofisi ndiyo iliyoiunguza kadi.

Kuitambua si kazi ngumu. Tazama kwanza matundu ya nyuma: ukiona tundu la VGA, lile la buluu lenye vishimo 15, usiendelee na mazungumzo, kwani Nvidia iliondoa njia hiyo ya picha katika kizazi cha Pascal ambacho GTX 1050 Ti ni mojawapo ya kadi zake. Kisha endesha programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu toleo la 2.12.0 la mwaka 2018 inazitambua kadi za Nvidia zilizobadilishwa na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Nenda na nakala yako kwenye flashi, uliyoipakua mwenyewe kutoka tovuti ya TechPowerUp, kwa sababu muuzaji anaweza kuwa na toleo la zamani lisiloona kitu. Na panapokuwa na fundi unayemwamini, feni ikifunguliwa chipu yenyewe husema ukweli: ya GTX 1050 Ti imechapwa GP107, na zile za bandia nilizozifungua zilikuwa na herufi GF mwanzoni. Muuzaji anayekataa vipimo hivi kwa kisingizio cha haraka amekwisha kujieleza.

Liko pia jambo linaloniuma zaidi ya kadi yenyewe, nalo ni ushauri anaoutoa. Huwaambia watu kwamba Revit, programu ya kusanifu majengo, ikichelewa kufungua faili, dawa ni kadi ya grafiksi. Hata kadi ingekuwa halali, ushauri huo ungekuwa wa kupotosha, kwani kazi nyingi za Revit hutegemea kasi ya kiini kimoja cha prosesa, chipu kuu ya kompyuta, halafu ukubwa wa RAM, kumbukumbu yake ya muda, na kadi huja kuwa na uzito mkubwa pale penye kurenda. Kabla ya kununua chochote, fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinatumika kiasi gani, huku faili lako kubwa likifunguka, uangalie ni kipi kinachofika kikomo. Ikiwa ni RAM, ongeza RAM, baada ya kuhakikisha kama bodi yako ni ya RAM ya aina ya DDR3 au DDR4, maana haziingiliani. Ikiwa ni diski ya zamani ya kuzunguka, SSD, diski isiyozunguka, itakufaa kuliko kadi yoyote. Wanafunzi hasa nawasihi walipime hili, kwa sababu nimeona fedha za karo zikiishia katika kifaa ambacho kazi yao haikukihitaji.

Waliokwisha kununua wasiitupe kadi, wala wasimuuzie mwengine ili kufidia hasara. Hifadhini ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo ya WhatsApp ambamo muuzaji aliitaja GTX 1050 Ti, na picha ya skrini ya GPU-Z. Sheria ya Kenya ya mauzo ya bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa hizo, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 bila kumlazimu mdai kuwa na wakili. Tangazo lile linaweza kufutwa wakati wowote, kwa hiyo aliye nalo kwenye simu yake alipige picha leo, pamoja na nambari iliyolituma na tarehe yake.