Duka la sarafu na vitabu vya kale Mji Mkongwe: pesa ya Barghash na kamusi ya Krapf

Marehemu baba, aliyekuwa karani wa reli Tanga, aliniachia mkebe wa maziwa ya unga wenye senti kumi za tundu thelathini na moja, zimetungwa kwenye uzi wa katani. Hapo ndipo nilipoanzia. Vitabu vilifuata baadaye, kwa sababu nilitaka kujua watu walioshika fedha hizo walikuwa wakisema nini na wakiishi vipi. Kwa hiyo nikisikia duka linauza vyote viwili situlii mpaka nifike. Mwezi uliopita nilivuka kwenda Unguja kwa ajili ya hilo tu.

Limo kichochoroni, nyuma ya Mkunazini, na halina kibao. Sarafu zimo kwenye kabati la kioo mkono wa kulia, vitabu vimepandishwa ukutani mpaka darini. Nilimwamkia mwenyewe, akaitikia marahaba, karibu mwanangu, kisha akarudi kwenye gazeti lake akaniacha nitazame. Hilo tu lilinipa raha, maana kuna maduka muuzaji anakufuata kila hatua hadi unasahau ulichokijia.

Nilianza kwa kumwonesha senti kumi ya mwaka 1936 kutoka mkebe wa baba, yenye jina EDWARDVS VIII. Miaka yote nimeambiwa hiyo ni mali, kwa kuwa mfalme yule wa Uingereza hakumaliza hata mwaka kwenye kiti. Mzee aliitia kwenye lenzi, akaigeuza, akanirudishia mkononi. “Itunze kwa ajili ya baba yako,” akasema. “Zilipigwa nyingi mno. Senti ya tundu haina sura ya mfalme, basi hawakuwa na haja ya kungoja achorwe.” Angeweza kuniacha niendelee kuota. Kwa neno lile nikamwamini, na mkoba nikaufungua.

Nilichonunua ni pesa, sarafu ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria. Upande mmoja una maandishi ya Kiarabu yenye jina lake, upande wa pili una mizani. Hii yangu imelika ukingoni, lakini ukiilaza kwenye mwanga wa dirisha unaona vitanga viwili vimening'inia sawasawa, na rangi yake imetulia, kahawia iliyokolea kama kahawa chungu. Hakuna aliyeisugua. Nawasihi wanaoanza: msioshe sarafu kwa ndimu, wala majivu, wala dawa ya kung'arishia shaba. Ile ngozi iliyojifanya yenyewe kwa zaidi ya miaka mia ndiyo anayoilipia mkusanyaji. Ikishaondoka hairudi. Nililipa shilingi 35,000, na naona bei ni ya haki.

Sasa kitabu. Mwaka 1299 ulianza Novemba 1881, mwezi uleule ambao mmisionari Johann Ludwig Krapf alifariki kwao Ujerumani. Kamusi yake ya Kiswahili ikatoka London mwaka 1882, kwa mchapishaji Trübner, mwenyewe hayupo. Mtu aliyekaa Rabai, karibu na Mombasa, akikusanya maneno (Kimvita, lahaja ya Mombasa, kimejaa humo tele) hakuwahi kuishika. Pesa yangu na kamusi ile ni za rika moja, na ndiyo maana nimeitafuta kwa miaka.

Niliwahi kuumizwa. Muuzaji mmoja, si huyu, aliniuzia “toleo la kwanza” ambalo kumbe ni lile lililochapwa upya miaka ya 1960. Kwa kuwa kurasa za toleo la zamani zimepigwa picha, mwaka 1882 umo palepale kwenye ukurasa wa jina. Karatasi inayotaja uchapaji mpya ilikuwa imekatwa kwa wembe, na mimi sikupapasa mshono. Siku hizi napapasa kwanza, ndipo nasoma.

Mzee alikuwa na kamusi hiyohiyo, ya uchapaji mpya pia, na alisema hivyo kabla sijaifungua. Karatasi zote zilikuwamo. Aliitaka 150,000, tukaishia 120,000. Ya mwaka 1882 hana, wala hakunidanganya kwamba itakuja wiki ijayo.

Kasoro ninayo, na nilimwambia usoni. Vitabu vimepangwa mkabala na dirisha. Jua la mchana limeshafifisha migongo ya safu nzima, na hewa ya chumvi imetia madoa ya kahawia kwenye karatasi. Nilichukua kitabu cha hadithi, jalada likabaki mkononi na kurasa zikabaki rafuni. Iliniuma. Sarafu nazo anazitia kwenye vifuko vya plastiki laini, vile vinavyotoa utelezi wa kijani baada ya muda. Ukinunua, itoe siku hiyohiyo uiweke kwenye karatasi kavu. Alinisikiliza kwa adabu, na nilipokuwa natoka nilimwona anavuta pazia.

Nenda asubuhi, kabla ya adhuhuri, wakati mwanga wa dirishani bado ni mzuri kwa kukagua shaba. Chukua fedha taslimu, na mwombe akuandikie risiti yenye maelezo ya kitu chenyewe, pamoja na neno “uchapaji mpya” ikiwa ndivyo kilivyo. Mimi aliniandikia bila kusita, kwa kalamu ya wino, hati nzuri kweli. Nimeichomeka ndani ya kamusi, kwenye herufi P.