Mpira wa maji wenye nyuzi, nusu inchi: naupa nyota nne

Jamani kama una bustani usinunue ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chukua huu wenye nyuzi ndani, mi nimeuchukua Gerezani pale Kariakoo na mpaka leo haujapasuka hata maji yakija kwa presha. Kabla hujalipa ukunje kwa mkono, ukijivunja na kuziba njia achana nao. Na ujue koki yako ni nusu inchi au robo tatu, maana konekta zake, vile viungio vya kuunganisha mpira na koki, haziingiliani.

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya konekta za plastiki unazopewa nazo, jua la Dar linazikausha zinapasuka, bora za shaba, bei iko juu ila zinadumu. Maungio yakivuja usikimbilie kununua mpira mwingine, fungua kwanza uangalie washa ya ndani, kile kiduara cha mpira, ni hela ndogo sana, alafu klipu, ile pete inayobana mpira, kaza kwa bisibisi sio kufunga na waya kama mafundi wengi wanavyofanya, waya unakata mpira taratibu. Ukimaliza kumwagilia funga koki, mwaga maji yaliyobaki, uzungushe duara kubwa uuweke kivulini, ukiuacha juani na maji ndani unavimba.